Jinsi ya Kukaa Nyumba Moja na Jiwe: Mwongozo kwa Watu wa Manika

Kama unakaa Manika, hapa Kolwezi, huenda jiwe limekwisha kuhamia kwako. Limejipaka ndani ya birika, limeuvika waya wa termopulonje, kile kifaa cha umeme cha kuchemshia maji ndooni, joho jeupe, limeziba nusu ya matundu ya bomba la kuogea, na kila asubuhi unalinywa kidogo kwenye chai. Kodi halilipi, na kulifukuza huwezi, maana lenyewe ndilo mwenyeji: lilikuwa hapa zaidi ya miaka milioni 700 kabla ya kampuni ya madini ya Union Minière kuanza kuujenga mji wa Kolwezi mwaka 1937. Mwongozo huu ni wa namna ya kukaa nalo bila kununua birika jipya kila msimu.

Anza kwa kuacha kusingizia watu. Termopulonje ikiungua, wa kwanza kulaumiwa ni muuzaji wa sokoni, wa pili ni umeme, wa tatu ni mtoto wa shemeji aliyekuja likizo. Na zikiungua tatu mfululizo, jina la jirani mwenye jicho baya linaanza kutajwa kwa sauti ya chini. Mwache jirani na jicho lake. Ipeleke termopulonje kwa fundi anayejua kazi. Ataukwangua waya kwa ukucha, atakuonyesha unga mweupe uliobaki kidoleni, kisha atasema: "Mama, hii kintu haiko mubaya. Ni maji." Mwamini, kwa sababu chini ya sehemu kubwa ya mji huu kuna dolomiti.

Dolomiti ni jiwe la kabonati, ndugu wa jiwe la chokaa, ila pamoja na kalsiamu ina magnesiamu nyingi. Wanajiolojia wa Union Minière, na baada yao wale wa Gécamines, waliyapanga matabaka ya Mfululizo wa Migodi kwa vifupisho ambavyo mzee yeyote aliyestaafu mgodini atakutajia bila kufikiri: RAT, mawe ya udongo na talki, RSC, jiwe gumu lenye matundumatundu, SD, mawe ya matabaka membamba kama karatasi yenye dolomiti, CMN, chokaa yenye madini meusi. Ndani ya mawe hayo ndimo shaba na kobalti ya Kolwezi ilimolala, na kutoka humohumo ndiko ukoko wa birika lako unakotoka. Hata madini yaliyopewa jina la mji wetu, kolweziti, yaliyotangazwa na wataalamu mwaka 1980, ni kabonati ya shaba na kobalti. Kabonati, kabonati, kabonati: huku kwetu ndiyo ardhi yenyewe.

Mambo yanakwenda hivi. Mvua ya Novemba hadi Aprili inapozama ardhini, inabeba gesi ya kaboni inayotoka kwenye mizizi na majani yanayooza, na maji yanapata ukali mdogo ambao ulimi hauusikii. Ukali huo unatosha. Maji yanaingia kwenye nyufa za dolomiti, yanailamba, yanaondoka na kalsiamu na magnesiamu, na bado yanabaki meupe pe. Yakifika kwenye foraji, yaani kisima cha kuchimbwa kwa mashine, na kupandishwa hadi kwenye robine, hakuna jicho litakaloona kitu. Ni pale unapoyapasha moto ndipo gesi inapotoroka, na kalsiamu iliyokuwa imeshikiliwa nayo inarudi kuwa jiwe. Hujenga kwanza mahali penye joto kali kuliko pote, yaani juu ya waya. Kolwezi iko kwenye mita kama 1,450 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 95 tu, lakini hilo halitupi nafuu: ukoko huanza kushika kabla birika halijaimba.

Hapa ndipo mwongozo wa Lubumbashi au wa Dar es Salaam ungekupoteza. Kolwezi haikukaa juu ya jiwe moja. Zamani za zamani, milima ilipokuwa inajikunja, kipande kikubwa cha Mfululizo wa Migodi kilisukumwa kikaja kulala juu ya miamba ya Kundelungu, ambayo ni michanga kuliko chenyewe. Katika kusukumwa huko kilivunjikavunjika, vipande vyake vikapinduka na kuchanganyika. Ndiyo maana shimo moja la mgodi ni tajiri na la pembeni ni tupu. Na ndiyo maana foraji ya papa wa mtaa wa kwanza inaweza kushuka kwenye dolomiti yenye mapango, na ya mama wa mtaa wa pili ikashuka kwenye mawe ya udongo ambayo hayana chokaa ya kutisha. Ukipanda uwanda wa juu wa Manika, ule uliofunikwa na mchanga wa aina ya Kalahari, mambo yanageuka kabisa: mchanga huo hauna kitu cha kuyapa maji, kwa hiyo yanabaki laini na makali kidogo. Maji ya namna hiyo hayajengi ukoko, lakini yanaweza kula bomba la chuma kimyakimya. Kwa hiyo jibu la jirani si jibu lako. Pima ya kwako.

Kupima kwa mara ya kwanza hakuhitaji maabara. Tafuta chupa mbili za plastiki zinazofanana. Moja tia maji ya robine hadi theluthi, nyingine tia kiasi hichohicho cha maji ya mvua. Kwangua sabuni ya kipande, ile halisi ya mafuta ya mawese, uiyeyushe kwenye maji ya mvua ya vuguvugu, kisha tia matone yanayolingana kwenye chupa zote mbili na utikise. Sabuni ya unga usiitumie kwa kazi hii, imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji mabaya, itakudanganya. Chupa ya mvua itajaa povu hadi shingoni. Ya robine, kama iko juu ya dolomiti, itatoa maziwamaziwa na vipande vyeupe vinavyoelea, na povu litakataa. Vipande hivyo ni sabuni yako iliyoshikwa na kalsiamu ikageuka taka. Endelea kuongeza tone moja moja mpaka povu likubali, na uhesabu: hayo matone ya ziada ndiyo sabuni unayoitupa kila siku ya kufua, kwa fedha yako mwenyewe.

Ukitaka namba, peleka sampuli maabara. Karatasi itaandikwa TH, yaani kipimo cha ugumu wa maji, na huku tunakotumia vipimo vya Kifaransa, digrii moja ni sawa na miligramu 10 za kalsiamu kabonati kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maji ya kunywa haujaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Unaeleza tu kwamba yakizidi miligramu kama 200, ukoko unakuwa kero, na yakiwa chini ya 100 hivi, bomba ndilo linaloweza kuliwa. Tuseme karatasi yako inasema digrii 30, yaani miligramu 300, na familia inachemsha lita 10 kwa siku. Hata nusu tu ya jiwe hilo likibaki kwenye birika, ni gramu moja na nusu kila siku: zaidi ya nusu kilo kwa mwaka. Nusu kilo ya mlima, jikoni, bila kibali cha kuchimba.

Sasa vifaa. Birika la umeme lisubiri kidogo, tuanze na termopulonje, kwa kuwa ndicho kifaa kinachofanya kazi ngumu kuliko vyote katika nyumba zetu na ndicho kinachotendewa vibaya kuliko vyote. Waya wake unapovaa ukoko, joto linashindwa kutoka kwenda kwenye maji. Umeme unaendelea kuingia, joto linakwama ndani, waya unazidi kuwaka hadi unapasuka. Kabla ya hapo utakuwa umeona dalili: ndoo iliyokuwa inachemka upesi sasa inachukua muda mrefu, na termopulonje inanguruma ndani ya maji. Huo mngurumo si nguvu, ni mvuke ulionaswa chini ya jiwe. Ukiusikia, siku hiyohiyo itoe, ichomoe kwenye umeme, iache ipoe, kisha ilaze kwenye chombo chenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu. Hakikisha sehemu ya nyaya na mpini haizami. Utaona vipovu vidogo vinapanda: hiyo ni gesi ileile iliyotoka kwenye udongo wakati wa mvua, sasa inaachiwa. Vipovu vikikoma, futa kwa kitambaa na suuza. Kama siki hakuna, ndimu zilizokamuliwa zinafaa, na unga wa asidi ya ndimu unaouzwa kwa vijiko unafaa zaidi, kijiko kimoja kwa lita moja ya maji ya moto.

Kwa kisu, hapana. Kila anayekwangua kwa kisu anadhani anasafisha, kumbe anachana ngozi ya chuma, na mahali palipochanika ndipo ukoko mpya unaposhika kwa furaha.

Na jambo hili lisomwe polepole, kwa sauti, mbele ya vijana wa nyumba. Huku Kolwezi asidi ya salfuriki inapita barabarani kwa malori kwenda viwandani, na kila kitu kinachopita kwa malori, kiasi chake kinaishia kwenye bidoni la mtu. Usithubutu kusafisha birika kwa asidi hiyo. Itakuchoma, itakula chuma, na zaidi ya hayo haitasafisha: salfati inayokutana na kalsiamu hutengeneza jasi, ukoko mwingine ambao siki haiuwezi. Usichanganye pia siki na Javel, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hata kidogo, hata kwenye choo. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na nyumba zetu hazina madirisha ya kutosha kwa kosa la namna hiyo.

Birika la umeme litibiwe vivyo hivyo: siki na maji, lichemke mara moja, likae, lioshwe. Mara moja kwa mwezi inatosha kwa wengi. Muhimu kuliko siki ni kumwaga maji yaliyobaki jioni badala ya kuyachemsha tena asubuhi juu ya yale mapya. Boila ya bafuni iwekwe kwenye nyuzi 60, si zaidi, maana juu ya hapo ukoko unajengeka kwa kasi. Na ukiwa na fundi wa kuaminika, aifungue mara moja kwa mwaka atoe mchanga mweupe ulio chini. Kichwa cha bomba la kuogea kifungue, kilaze kwenye siki usiku kucha. Pasi ya mvuke ipewe maji ya chupa yanayouzwa kwa ajili ya pasi, au iwe pasi kavu, basi.

Betri ni habari nyingine, na inauma zaidi kwa sababu ni ghali. Kwa jinsi umeme unavyokatika, nyumba nyingi sasa zina betri za asidi na paneli ya jua. Maji ya betri yakipungua, mtu anafungua robine. Usifanye hivyo. Betri inataka maji yaliyokenekwa, yasiyo na kalsiamu wala chuma wala shaba. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati la Kolwezi nayo hayafai, kwa kuwa bati hilo limekusanya vumbi la madini msimu wote wa kiangazi.

Vumbi hilo linastahili tusimame kidogo tulitazame. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa KU Leuven, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha utafiti wao kuhusu Kasulo, hapahapa Kolwezi, ambako watu walikuwa wamechimba kobalti katikati ya nyumba. Walikuta kobalti nyingi kwenye mkojo na damu ya wakazi kuliko kwa watu wa eneo la kulinganishia, na watoto ndio walioathirika zaidi. Kwa hiyo nikikwambia ukinge maji ya mvua kwa kufulia, kwa sababu ni laini na yanaokoa sabuni, nakwambia vilevile: mvua za kwanza ziache zioshe bati na zipite. Pipa lifunikwe. Na usimpe mtoto anywe maji hayo bila kuyapima.

Maharagwe nayo yamo katika habari hii ya maji magumu. Mama anayechoma gunia zima la makaa juu ya chungu kimoja cha maharagwe hana maharagwe mabaya. Kalsiamu na magnesiamu huingia kwenye ganda la punje na kulikaza, na hapo unaweza kuketi na mbabula hadi usiku. Loweka maharagwe tangu jana yake kwenye maji ya mvua safi yaliyopimwa, au kwenye maji yaliyochemshwa, yakatulia na kumiminwa taratibu bila mchanga wake. Mnaoongeza magadi au bikarbonati, mko sahihi, ila iwe kidogo sana, ikizidi inaharibu ladha na vitamini. Mabibi waliotumia maji ya majivu walikuwa wanafanya jambo hilohilo, na waliokoa kuni nyingi. Jua lakini kwamba kuchemsha huondoa zaidi kalsiamu. Magnesiamu ya dolomiti huyang'ang'ania maji. Ndiyo maana maji yetu, hata yakichemshwa, bado yanabishana na sabuni.

Wapo watakaokuja kukuuzia sumaku ya kufunga kwenye bomba, eti izuie ukoko. Ushahidi wake haujawahi kuwa thabiti. Fedha hiyo nunulia siki ya miaka mingi. Mashine ya kulainisha maji kwa chembechembe na chumvi inafanya kazi kweli: inakamata kalsiamu na magnesiamu, inaachia sodiamu. Lakini inataka chumvi kila mara, inataka fundi, na mwenye shinikizo la damu abakiziwe robine moja jikoni isiyopitia kwenye mashine. Kwa hoteli au kliniki ni sawa. Kwa nyumba ya kawaida ya Manika, siki na mazoea mazuri yanatosha.

Usiogope kuyanywa maji haya kwa sababu ya ugumu peke yake. Kalsiamu na magnesiamu ni vitu ambavyo mwili unavitaka. Tena dolomiti inatufanyia wema ambao wachache wanaujua: asidi inayotiririka kutoka kwenye mawe ya mgodi ikikutana nayo inatulizwa, na shaba nyingi inashindwa kuyeyuka. Ila wema huo una mipaka. Kobalti inaweza kupita, na urani, ambayo imo katika baadhi ya madini ya hapa, hata pale Musonoi, husafiri vizuri sana ndani ya maji yenye kabonati. Na kwa sababu dolomiti ina nyufa na mapango, maji hayachujwi yanapopita humo: uchafu wa choo cha jirani unaweza kufika kwenye foraji ukiwa mzima, na kipindupindu tunakijua.

Kwa hiyo soma madoa. Doa jeupe kwenye sinki ni kalsiamu. Siki inatosha, lala usingizi. Doa jekundu la kutu ni chuma. Jeusi ni manganizi mara nyingi, na ukikumbuka ile CMN yenye madini meusi hutashangaa. Doa la bluu au kijani chini ya robine ni shaba, na hapo usilale: pengine ni robine yenyewe na mabomba yanaliwa na maji makali, pengine ni kitu kingine kimeingia kwenye kisima. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita na mikrogramu 30 za urani. Hizo haziondoki kwa kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, kunapunguza chokaa, lakini metali zinabaki sufuriani zikiwa zimekolea zaidi, kwa sababu maji ndiyo yaliyopungua. Rangi ya maji ikibadilika ghafla, au ladha, au samaki wakifa mtoni, acha kuyanywa siku hiyo na utangaze mtaani.

Wewe unayechimba foraji mwaka huu, papa au mama, kabla hujamlipa mchimbaji salio lake, mwambie akuandikie karatasi mbili. Ya kwanza iorodheshe kila jiwe alilolipita na kina chake, kuanzia udongo mwekundu wa juu hadi mwisho wa shimo. Ya pili iwe ya maabara, yenye TH, asidi, shaba, kobalti, manganizi, urani na vijidudu. Nakala moja mpe mkuu wa mtaa, na nyingine ibandike mahali ambapo wanaokuja kuchota na mabidoni yao wataisoma.